Uliza Mzee wa Mzunguko: Santa Cruz ya Recife na dude lao linaloitwa Arruda

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu, nikasema kuna timu Brazil ilikuwa daraja la nne na bado ikawa inajaza uwanja kuliko mabingwa wa nchi. Basi tangu hapo simu haijapumzika, wengine mmeniita muongo, wengine mnataka jina la timu, kuna mmoja kaniuliza kama naweza kumtafutia majaribio huko (kaka, mimi mwenyewe nakaa mzunguko, hata VIP sijawahi kukanyaga). Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa timu moja tu, Santa Cruz ya Recife, jimbo la Pernambuco, kaskazini mashariki mwa Brazil. Maswali nimeyafupisha kidogo.

SWALI: Mzee shikamoo. Ile habari ya daraja la nne kuingiza watu kuliko Corinthians, hiyo si chai kweli? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Sio chai, ni 2011 hiyo. Corinthians ndio walibeba ubingwa wa Brazil mwaka ule, timu ya São Paulo, hela ipo, televisheni inawapenda, kila kitu. Lakini ukichukua timu zote za Brazil, madaraja yote manne, ukahesabu wastani wa watu kwa mechi za nyumbani, aliyekuwa juu ni Santa Cruz, karibu watu 37,000 kwa mechi, na walikuwa Serie D, yaani daraja la nne (Serie A ndio ya juu kabisa). Yaani wanacheza na timu za miji midogo ambazo ukimuuliza mtu wa Rio atakwambia hajawahi kuzisikia.

Mechi yenyewe ya kupanda daraja ilikuwa tarehe 16 Oktoba 2011 na Treze, timu ya Campina Grande. Uwanja ulikuwa na watu wanaokaribia 60,000 na unajua matokeo? 0-0. Sare tupu ndiyo iliyowapeleka juu, na hiyo sare watu waliililia kama kombe la dunia. Halafu kwenye fainali wakafungwa na Tupi, tena hapo hapo nyumbani kwao, wala hakuna aliyejali sana, shida ilikuwa kutoka kwenye lile shimo.

SWALI: Sasa timu ya watu wengi hivyo ilifikaje huko chini? Si wangenunua wachezaji tu? (Msomaji, Nakuru)

Hapa ndipo penye stori. Santa hawakuteleza, waliporomoka. 2006 walikuwa Serie A wakamaliza mkiani wakashuka. 2007 Serie B, wakashuka tena. 2008 Serie C, na mwaka huo Brazil ilikuwa inapanga upya madaraja, wanataka Serie C ibaki na timu 20 na chini yake ianzishwe Serie D, Santa wakashindwa kuingia kwenye hizo 20. Kwa hiyo 2009 Serie D inaanzishwa kwa mara ya kwanza na wao wamo ndani, kama mtu anayekuta nyumba mpya imejengwa na yeye ndiye mpangaji wa kwanza kwenye chumba cha uani. Miaka mitatu mfululizo, ngazi tatu.

Na Serie D ni mtego mbaya kuliko mnavyofikiri. Sio ligi ndefu ambayo ukiteleza Mei unajirekebisha Agosti. Ni makundi halafu mtoano, ukitolewa mapema msimu umekwisha, wachezaji wanaondoka, uwanja unakaa na nyasi zake mpaka Januari. Na nafasi ya kucheza Serie D unaipata kupitia mashindano ya jimbo lako, Santa wao wanacheza Campeonato Pernambucano mwanzoni mwa mwaka, ukiboronga pale mwaka unaofuata huna daraja lolote la taifa, sio la nne wala la ishirini, hupo! Mtasema nazidisha chumvi lakini imewakuta, mwaka 2024 Santa Cruz hawakuwa na daraja. Timu yenye uwanja wa watu 60,000 ilicheza mashindano ya jimbo miezi michache ya mwanzo basi, kwenye ligi ya taifa jina lao halikuwepo.

Kuhusu kununua wachezaji, hela ya mlangoni peke yake haijengi timu siku hizi. Hela kubwa Brazil iko kwenye haki za matangazo na hizo zinapatikana juu, sio chini. Ukishuka unabaki na madeni ya ulipokuwa juu na mapato ya ulipo sasa. Mimi maoni yangu, na najua nitatukanwa, ni kwamba wingi wa mashabiki uliwadekeza viongozi. Kila wakiharibu watu wanakuja tu, wanajaza, wanaimba, basi kiongozi anaona mbona mambo yapo sawa.

SWALI: Mzee wangu, nani walioanzisha hiyo klabu? Matajiri au wamisionari maana jina ni la msalaba. (Mama wa watoto wawili wapenda mpira, Tanga)

Dada yangu wala matajiri wala mapadri, ni watoto! Tarehe 3 Februari 1914, vijana wadogo kabisa wa mtaani, rika la wanaosoma sekondari, walikuwa wanapiga mpira barabarani mtaa wa Boa Vista karibu na kanisa la Santa Cruz (Msalaba Mtakatifu), wakaamua waanzishe klabu na jina wakachukua la kanisa. Hiyo tu ndio habari ya msalaba.

Mwanzoni rangi zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini kukawa na timu nyingine pale Recife yenye rangi hizo hizo, ikabidi waongeze nyekundu. Zikawa tatu, ndio maana wanaitwa Tricolor, na ndio maana nembo yao ya utani ni yule nyoka wa Amerika mwenye mistari ya rangi tatu, Cobra Coral. Nyoka mdogo, mzuri kumtazama, ila sumu yake usiombe.

Kuna simulizi moja ya klabu naipenda kuliko zote. Siku za mwanzo hela ilikuwa kidogo mno, sandukuni walikuwa na milreis sita tu (hela ya Brazil enzi hizo), mmoja wao akaja na hoja kwamba jamani huu mpira hauna faida, tuchukue hizi hela tununue mashine ya kukamua juisi ya miwa tufanye biashara. Mwenzao mmoja akapiga ngumi mezani akakataa. Fikiria tu ile ngumi isingepigwa, leo tungekuwa tunaongelea kibanda cha juisi.

Na kitu kingine, kwenye wale wa mwanzo alikuwemo kijana mweusi, Teófilo de Carvalho, jina la utani Lacraia, yaani Tandu. Enzi hizo klabu za wakubwa hazikutaka weusi kabisa kwenye timu zao, utumwa Brazil ulikuwa umefutwa 1888 tu, juzi juzi. Kwa hiyo ukisikia watu wanaiita Santa timu ya wananchi, ujue sio maneno ya matangazo, ilianza hivyo toka utotoni.

SWALI: Tuambie kuhusu uwanja. Ni mkubwa kuliko wetu wa Mkapa? (Msomaji, Temeke)

Sasa umenigusa. Jina la kwenye karatasi ni Estádio José do Rego Maciel, huyo alikuwa meya wa Recife miaka ya 1950 na ndiye aliyesaidia klabu kupata eneo lile, mwanaye Marco Maciel baadaye akawa makamu wa rais wa Brazil. Lakini hakuna anayeita hivyo. Wote wanasema Arruda, jina la mtaa, na wakiwa na raha zao wanauita Mundão do Arruda, maana yake kama vile dunia kubwa ya Arruda. Ni kama huku kwetu unavyoweza kumwambia bodaboda "nipeleke kwa Mkapa" akakuelewa.

Ukubwa? Mnalingana! Mkapa watu 60,000, Arruda unatajwa kubeba 60,000 na ushee kidogo. Tofauti ni kwamba Mkapa ni wa serikali, na Arruda ni wa klabu yenyewe. Hapo watu wa Simba na Yanga naomba mnyamaze kidogo mtafakari.

Ulifunguliwa tarehe 4 Juni 1972, Santa na Flamengo ya Rio, ikaisha 0-0 (naona 0-0 ni ugonjwa wao siku kubwa). Kipindi kile Santa walikuwa moto, walikuwa katikati ya kuchukua ubingwa wa jimbo mara tano mfululizo, 1969 mpaka 1973, na mwaka huo wa 1973 straika wao Ramon akawa mfungaji bora wa Brazil nzima kwa mabao 21. 1975 wakafika nusu fainali ya ubingwa wa Brazil, wakacheza na Cruzeiro hapo hapo Arruda wakafungwa 3-2, wazee wa Recife mpaka leo ukiwagusa hapo wanakunja uso. Mwaka 1982 wakapandisha orofa ya juu, zege tupu linazunguka, na ndio ukapata ile sura ya bakuli kubwa iliyobanwa katikati ya nyumba za watu. Ukiangalia picha ya juu unaona mabati na vigae vya mtaa halafu ghafla hilo dude. Maegesho ya maana hakuna, watu wanatembea, wauza nyama za kuchoma wamejaa barabarani, bia ipo kabla hujafika getini.

Rekodi ya watu lakini haikuwekwa na Santa. Iliwekwa na timu ya taifa, tarehe 29 Agosti 1993, na hiyo naieleza kwenye swali linalofuata maana kuna mtu kaiuliza vizuri.

SWALI: Kuna picha ya Brazil wanaingia uwanjani wameshikana mikono kama chekechea. Ilianzia wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Ilianzia Arruda. Brazil walikuwa wanatafuta tiketi ya Kombe la Dunia 1994, Julai 1993 wakaenda La Paz kule juu milimani wakafungwa na Bolivia 2-0. Hawakuwahi kupoteza mechi ya kufuzu katika historia yao yote, ndio ya kwanza. Nchi nzima ikawaka, kocha Parreira anatukanwa kila kona, wachezaji wanazomewa. Mechi ya marudiano na Bolivia ikapelekwa Recife, kwa makusudi nadhani, maana watu wa kaskazini mashariki wakiipenda timu wanaipenda kweli. Na walikuwa na ushahidi, 1989 kwenye Copa América, kombe la Amerika Kusini, watu wa mji wa Salvador walipowazomea mpaka basi, Brazil wakaenda kucheza na Paraguay hapo Arruda wakashinda 2-0 Bebeto zote mbili, na hawakuzomewa.

Basi siku hiyo ya 1993 waliingia watu zaidi ya 96,000, na timu ikatoka kwenye mlango wa chini wameshikana mikono kwa mstari. Wengi wanasema wazo lilikuwa la beki Ricardo Rocha, na yeye ni mtoto wa Recife, kaanzia mpira wa maana hapo hapo Santa Cruz, kwa hiyo alikuwa anaingia nyumbani kwao. Wakampiga Bolivia 6-0. Ile ya kushikana mikono wakaenda nayo mpaka Marekani 1994 na wakarudi na kombe.

SWALI: Ni kweli Rivaldo katokea hapo? (Msomaji, Kampala)

Kweli kabisa. Kakulia Paulista, mji wa jirani na Recife, familia ya hali ya chini sana, baba yake aligongwa na basi akafa 1989 kijana akiwa bado hajawa mtu. Kaanzia timu kubwa Santa Cruz, 1992 akaenda Mogi Mirim, mengine mnayajua, Barcelona, Ballon d'Or 1999, Kombe la Dunia 2002. Na hii nyongeza ya bure: kazaliwa Aprili 1972, uwanja umefunguliwa Juni 1972, wamepishana wiki chache tu.

Mwingine ni Grafite, yule straika aliyefunga mabao 28 Ujerumani na Wolfsburg wakachukua ubingwa wa 2009. Alipita Santa akiwa kijana, akarudi 2015 akiwa mzee wa miaka 36 akasaidia kuwapandisha Serie A. Huyu alikuwemo kwenye kikosi cha Brazil cha Kombe la Dunia 2010, kikosi kile kile kilichopita Dar Juni mwaka huo wakatufunga 5-1 na Jabir Aziz akatufutia machozi.

SWALI: Nimesikia shabiki aliuawa kwa sinki la choo hapo Arruda, nikajua ni uzushi. (Msomaji, Muscat)

Sio uzushi, na hili sitalifanyia utani. Ilikuwa 2 Mei 2014, Santa wametoka sare 1-1 na Paraná, watu wanatoka. Kuna watu juu jukwaani waling'oa masinki ya choo wakayarusha chini nje ya uwanja. Moja likampiga kijana wa miaka 26, akafa pale pale. Ilikuwa imebaki wiki chache Kombe la Dunia lianze Brazil. Watu watatu walikamatwa na mwaka uliofuata mahakama ikawatia hatiani, uwanja ukafungiwa kwa muda.

Nawaandikia hili kwa sababu tukisifia tu zile 60,000 na nyimbo zao tunakuwa tunadanganyana. Dabi ya Santa na Sport, wapinzani wao wa hapo hapo Recife, wanaiita dabi ya umati na ni nzuri kuitazama, ila Februari 2025 mashabiki wa pande hizo mbili walipigana mitaani Recife kabla ya mechi, video zake sikumaliza kuziangalia.

Na wewe wa Muscat, kwa vile uko Ghuba, nikudokeze kuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 Santa walifanya ziara huko Ghuba na Ulaya na wakarudi Recife bila kufungwa mechi hata moja. Muulize mzee yeyote wa huko kama anakumbuka.

SWALI: Mzee, timu gani imewahi kupata safari mbaya kuliko yetu sisi tulioharibikiwa basi Singida siku mbili? (Mchezaji wa daraja la kwanza, naomba nisitajwe)

Pole mdogo wangu. Ila Santa wamekuzidi. Januari 1943, vita ya pili ya dunia imepamba moto, klabu haina hela, wakapanga ziara ya kaskazini, Belém mpaka Manaus huko ndani ya Amazon, wacheze mechi za kulipwa. Wakapanda meli. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli pwani ya Brazil, kwa hiyo usiku wanasafiri taa zimezimwa, giza totoro, kila mtu anasikiliza maji. Wakafika, wakacheza, wakapanda mto mpaka Manaus, huko wachezaji wakaanza kuhara damu. Wakati wa kurudi golikipa King na mshambuliaji Papeira hali ikawa mbaya, ni taifodi, na wote wawili wakafia Belém, wakazikwa mbali na kwao. Waliobaki hawakuwa na nauli. Ikabidi waendelee kucheza mechi njiani, wana msiba na wengine wagonjwa, ili wapate hela ya kurudi nyumbani. Safari iliyopangwa ya wiki kadhaa ikala miezi.

SWALI: Mbona 2014 Kombe la Dunia lilichezwa Recife na sijausikia huo uwanja? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sababu walijenga mwingine mpya, Arena Pernambuco, na sio hata Recife yenyewe, uko São Lourenço da Mata, kilomita 19 hivi kutoka katikati ya jiji. Náutico, klabu nyingine ya Recife, wakahamia huko wakaacha kiuwanja chao cha Aflitos, watu wakachoka na ule umbali, 2018 wakarudi Aflitos. Santa wao walibaki kwenye zege lao.

SWALI: Kwa hiyo sasa wako wapi? Na baada ya 2011 walipanda mpaka wapi? (Wengi mmeuliza)

Walipanda kweli. 2013 mabingwa wa Serie C, wakaifunga Sampaio Corrêa 2-1 Arruda. 2015 wakashika nafasi ya pili Serie B wakarudi Serie A baada ya miaka kumi kasoro. 2016 wakabeba Copa do Nordeste, kombe la kaskazini mashariki, wakabeba na ubingwa wa jimbo, wa 29, halafu wakaanza Serie A kwa kuwapiga watu 4-1 4-1 mpaka wakakaa kileleni mechi za mwanzo. Mimi nilijua sasa yamekwisha. Mwisho wa msimu wakamaliza wa pili kutoka mkiani wakashuka, 2017 wakashuka tena, 2021 wakashuka tena, na ile 2024 bila daraja nimeshawaambia. 2025 ndio wakapanda kutoka Serie D kwenda Serie C. Mara ya pili kutoka shimo lile lile.

SWALI: Naenda Recife kikazi, nataka kwenda Arruda. Nivae nini? (Msomaji, Arusha)

Bahati yako. Sikiliza sasa, timu zote tatu kubwa za Recife zina nyekundu ndani yake na hapo ndipo wageni wanapojichanganya. Náutico ni nyekundu na nyeupe, Sport ni nyekundu na nyeusi, Santa ni zote tatu. Kwa hiyo fulana yako ya nyekundu na nyeusi unayopenda kuvaa wikiendi iache hotelini kabisa. Vaa nyeupe, jezi utanunua ukifika Beberibe, barabara ya kwenda uwanjani, na nenda mapema ule nyama kwanza.